Kifumbu Kilichokwenda Shule

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa leo na mvua nayo imefunguliwa. Mjukuu wangu Vivian amerudi na daftari hili jipya, ati ni langu mimi. Mwalimu wao mpya wa sayansi, jina lake Munga, amempa kila mzazi wa gredi ya tano. Anataka tuandike kila siku mtoto amerudi na maneno gani kutoka darasani, ameuliza nini, na ameuliza kwa lugha gani.

Nikamwambia Vivian, "Mwambie mwalimu wako nyanya yako hakuingia shule hata ya siku moja."

"Nilimwambia, Hawe." Hawe ndiye nyanya kwetu Wagiriama. "Akasema asiyejua kuandika amtajie mtoto aandike. Mimi nikamwambia wewe unajua."

Ni kweli najua. Mke wa katekista alinifunza herufi kwa kitabu cha nyimbo, mimi tayari nina watoto wanne, tumekaa chini nyuma ya kanisa, kitoto kiko kifuani kinanyonya. Nilisoma Kigiriama kwanza. Kiswahili kikafuata chenyewe, hakuna aliyekivuta. Basi nitaandika. Lakini nitaandika ninayotaka mimi. Munga asidhani amepata karani.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Mtoto ameuliza kwa nini bati linatoa jasho kwa ndani hata pale lisipotoboka. Ameuliza kwa Kigiriama. Nimemwambia bati ni bati, aanue nguo.

Ijumaa, 2 Mei

Kelele. Tangu avue viatu hadi tukae kula ni kusema tu. Amefunika sufuria ya mchicha, akaufunua mfuniko, akanishikia usoni. "Hawe, haya madzi yametoka wapi? Wewe hukuyatia kwenye mfuniko." Madzi ni maji. Akajijibu mwenyewe, mara kwa Kigiriama, mara kwa Kiswahili, kisha akamalizia na neno moja la Kiingereza, akalirudia kama mtu anayeonja asali. Mchicha umeungua kwa mazungumzo.

Jumapili, 4 Mei

Winfred amekuja, ndiyo siku yake ya kupumzika. Winfred ni mama yake Vivian, binti yangu wa mwisho. Anafua mashuka kwenye hoteli moja Shanzu na hulala huko huko. Mikono yake imebabuka kwa sabuni. Ameniambia tena yale anayoniambia kila akija: wenye Kiingereza wanasimama mbele na blauzi nyeupe, wanasema karibu, asiye nacho anapelekwa nyuma kwenye mvuke.

"Mama, mwanangu apate Kiingereza tu. Mengine nitayajua mbele."

Vivian akachukua kitabu akamsomea ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama popote. Winfred akafuta machozi. Na mimi nilifurahi, sitaficha. Hatukumwuliza ameelewa nini, kusoma kule kulitutosha.

Jumanne, 6 Mei

Kelele tena. Mafuta ya nazi kwa nini yanakaa juu ya maji. Nimemwambia aende akawaulize hayo mafuta.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa nimekuna nazi mbili za mbaazi. Nikainua mkono kwenye msumari nichukue kifumbu nichuje tui. Msumari mtupu. Mimi nafuma vifumbu, ndiyo kazi yangu, nafuma vya kuuza. Lakini kile cha msumarini ni changu, ukindu wake niliuchagua mwenyewe, kinachuja tui mpaka chicha inabaki kavu kama unga. Nimetafuta chini ya kitanda, nimetafuta kwa majirani, nimemshuku hata paka.

Saa kumi mtoto anaingia, anakitoa ndani ya begi. Kimejaa mchanga!

"Wewe Vivian! Kifumbu cha tui umekitia mchanga?"

"Ni mwalimu, Hawe! Alichanganya mutsanga na chumvi na maji kwenye ndoo, akatuuliza, nani ataviachanisha? Kila mtu aseme kwa lugha anayoweza. Mimi nikasema kwa kifumbu. Wote wakacheka. Mwalimu akasema, wacheni kucheka, kesho akilete. Na leo tumechuja! Mchanga umebaki ndani, maji yamepita na chumvi yake, tumeyachemsha kwa jiko la makaa mpaka yakaisha, na chumvi imebaki chini, Hawe, nyeupe, nimeilamba!"

Anaruka ruka. Akaniambia Munga amechora ubaoni safu tatu, Kigiriama huku, Kiswahili katikati, Kiingereza kule, na kila kitu walichokishika kwa mikono kikaandikwa majina yake matatu. Kisha kila mtoto akasimama akaeleza kazi yote kwa Kiingereza, na yeye Vivian alieleza wa kwanza.

Mimi sikusikia hayo. Nayaandika kwa sababu aliyasema. Nilichosikia ni kimoja: nimempeleka mtoto shule, sare nimeishona kiraka juu ya kiraka, anakwenda kufunzwa kuchuja nazi. Hiyo si ningemfunza mimi hapa nimekaa kwenye kigoda?

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia Nduku. Nduku ni jirani yangu, Mkamba, ukuta wetu mmoja. Anauza nazi na ndimu sokoni Kongowea na ndiye anayeniuzia vifumbu vyangu. Mwanawe yuko darasa moja na Vivian.

"Wangu amekuja ananiambia mchanga ni mutsanga," Nduku akasema. "Nikamwuliza, wewe nilikuzalia Kitui kwetu au Kaloleni kwa Wagiriama?"

"Na wewe umenyamaza?"

"Sasa nigombane na mwalimu na nazi zangu ziko juani?"

"Jua gani, Nduku? Wiki mbili hatujaliona."

Tumecheka, lakini tumekubaliana. Ijumaa kuna kikao cha wazazi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesema, na nimesema vizuri.

Tulijaa darasani, miavuli inatiririsha maji sakafuni. Mwalimu mkuu, Bwana Gershom, ni Mtaita mpole anayependa mambo yaishe mapema. Akauliza kama mzazi yeyote ana neno. Nikasimama na kifumbu changu mkononi.

"Mimi ni nyanya yake Vivian. Sikusoma. Kigiriama nampa mimi mtoto huyu, na Kiswahili anapewa na mtaa huu mzima wa Magogoni, mpaka mbuzi wa Magogoni wanakijua. Hapa nimemleta achukue kile nisichokuwa nacho. Sasa mwalimu anampa nini? Anamrudishia kifumbu changu!"

Watu walipiga makofi. Mama mmoja akapiga na meza.

Munga akasimama. Ni kijana mwembamba, shati limefuliwa mpaka kola imekuwa nyuzi. "Mama, shikamoo," akaanza. "Hicho usichokuwa nacho ndicho ninachompa. Lakini namfunza kitu kwanza, kisha namfunza jina lake la Kiingereza. Nikianza na jina atabeba jina tupu. Atalitamka vizuri sana, na ndani hamna kitu."

"Na mtihani unauliza nini?" nikamwuliza. "Unauliza kifumbu, au unauliza hayo majina?"

Wakacheka. Nduku naye akamwuliza mwanawe Mkamba anafunzwa Kigiriama kwa idhini ya nani. Munga akamjibu kwamba mwanawe ndiye aliyewaambia Wakamba wanasema muthanga, na darasa zima likashangaa kwamba ni neno lao lile lile limevaa nguo nyingine. Nduku akakaa chini.

Munga hakuajiriwa na serikali. Ni sisi wazazi tunaochanga kumlipa, kwa hivyo ni sisi tunaoweza kumwondoa. Bwana Gershom akasema wanaotaka mwalimu mwingine wainue mikono.

Wangu ulikuwa wa kwanza. Wa Nduku ukafuata. Kisha ikawa kama msitu.

Munga akakunja karatasi zake. Alipopita karibu nami mlangoni mwa darasa akasema, "Asante, mama. Daftari usiache kuandika." Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililoniudhi njia nzima.

Jumatatu, 19 Mei

Mwalimu mpya anaitwa Lenox. Ana tai. Haingizi neno la Kiswahili darasani hata la kukohoa. Vivian amerudi, ameketi, amekula, ameosha sahani. Nyumba imetulia. Mungu ashukuriwe.

Jumanne, 20 Mei

Kimya. Vizuri.

Alhamisi, 22 Mei

Kimya. Amekunja nguo bila kuambiwa.

Jumanne, 27 Mei

Kimya. Nimefuma vifumbu vinne kwa siku moja, hakuna wa kunikatiza. Mvua haijakatika tangu Jumapili na njia ya kwenda barabarani imekuwa mto.

Jumanne, 3 Juni

Kimya. Nimemwuliza mmefunzwa nini. Akasema, "Sayansi." Nikasema sayansi gani. Akasema, "Ile ya ubaoni."

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi analalamika tumbo. Nimempa maji ya tangawizi, akaenda.

Jumanne, 10 Juni

Tumbo. Ameenda.

Alhamisi, 12 Juni

Tumbo. Nimemminya kila mahali, halina kitu. Nikamwambia unadanganya. Hakukana. Alinitazama tu, na macho yale mimi nayajua: ndivyo Winfred alivyonitazama siku ya kwanza aliporudi kutoka kwenye mashuka.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana Gershom ameniita. Nilikwenda na viatu vya kanisani, nikidhani wananipa habari njema. Mjinga mimi.

"Mama, mtoto hasemi darasani," akaniambia. "Mwezi mzima. Mwalimu Lenox akimwuliza anasimama, mikono nyuma, hata 'sijui' hasemi. Mtihani wa katikati ya muhula amepata mbili kati ya thelathini."

"Vivian huyu wangu?"

"Huyu huyu. Tumeomba afisa wa kupima watoto aje. Anakuja tarehe tatu mwezi wa saba. Akiona akili ya mtoto ni nzito, atahamishiwa kile chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho nakijua. Ni cha watoto wenye akili pole pole. Faki, mtoto wa nyuma ya nyumba yetu, yumo. Mimi sina dharau na watoto wale. Faki ni mtoto wa Mungu, nampa mahamri kwa mkono wangu, na chumba kile kimemsaidia, sasa anafunga vifungo vyake. Lakini huwezi kumvisha mtoto miwani ya mwenziwe kisha ukasema haoni.

Na mtoto huyu ana jina langu. Shuleni ni Vivian, lakini kwetu mjukuu anabeba jina la nyanya yake, na jina lake la nyumbani ni Kahaso. Kahaso ni mimi. Wakimwandika mzito, wameniandika mimi.

Nilirudi na mvua mwili mzima. Mwavuli niliusahau ofisini, na sikurudi kuuchukua.

Jumanne, 17 Juni

Leo sikufuma. Nimechukua daftari hili nikalisoma tangu ukurasa wa kwanza, na kidole, kama nilivyosoma kitabu cha nyimbo.

Siku za Munga nimeandika kelele. Bati linatoa jasho. Madzi ya mfuniko. Mafuta juu ya maji. Chumvi imerudi, ameilamba. Kila siku nimelalamika, na kila lalamiko lina swali la mtoto ndani yake.

Siku za Lenox nimeandika kimya. Kimya, vizuri. Kimya, amekunja nguo. Kimya, vifumbu vinne. Nilikuwa nafurahi. Mtoto anazama mbele yangu na mimi namshukuru Mungu kwa utulivu wa nyumba.

Wala si kosa la mvua, si la Lenox. Lenox anafanya tulichomwitia. Ni mkono huu ninaoandikia.

Na la kunichoma zaidi: mimi mwenyewe nilisoma vipi? Niliandika siku ya kwanza kabisa, kwa kujisifu. Kigiriama kwanza, Kiswahili kikafuata chenyewe. Mke wa katekista angenianzia na lugha nisiyoijua hata salamu yake, ningekaa nyuma ya kanisa mikono mgongoni, na leo ningekuwa naweka dole gumba.

Mtoto alipoingia nikamwambia, kwa Kigiriama, "Kahaso, nisamehe." Akauliza, "Kwa nini, Hawe?" Nikamwambia kwa nini. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Sauti yake ilikuwa mbaya, na mimi niliipenda.

Alhamisi, 19 Juni

Nduku anasema Munga yuko Kongowea. Anapakua kabichi za malori yanayotoka bara. "Nilikuwa namwona kila siku," akasema, "lakini ningekuambia vipi?"

"Kwa mdomo, Nduku."

"Mkono wangu pia uliinuka, mama Winfred. Nikimwona, mimi hupita njia nyingine."

Jumamosi, 21 Juni

Nilimkuta Munga amejifunika gunia kichwani kama kofia ya padri, kabichi zinarushwa kutoka juu ya lori, yeye anadaka na kupanga. Nilisimama kwenye matope. Aliponiona alikosa moja, ikanipiga kwenye goti.

"Shikamoo, mama! Samahani."

"Nipige na nyingine. Nimestahili."

Hakucheka. Akasema, "Ngoja nimalize lori." Nikangoja. Lori lile halikuwa dogo.

Alipokuja nilimweleza yote, mbili kati ya thelathini, afisa wa tarehe tatu, chumba cha mwisho. Nilitaka kupiga magoti, akanishika kiwiko. "Mama, hapa pana maganda ya ndizi, utaanguka bure."

"Rudi shule, mwanangu."

"Nani atanirudisha? Mlinitoa kwa kura."

"Basi niambie una hasira."

"Nilikuwa nayo. Hapa inaisha haraka, kabichi ni nzito." Akajifuta uso kwa gunia. "Unajua kilichoniuma? Vivian alikuwa amefika. Alikuwa anaeleza kwa Kiingereza, Kiingereza cha kwake mwenyewe, kimevunjika hapa na pale lakini kina kitu ndani. Nilitaka mwaka mmoja tu. Mlinipa wiki tatu."

Nikaokota ile kabichi iliyonipiga gotini, nikamrudishia.

Mwisho akasema, "Jumamosi namaliza saa nane. Mlete."

Jumamosi, 28 Juni

Vivian na Munga wamekaa juu ya magunia nyuma ya kibanda cha Nduku. Ameanza naye upya, kwenye kabichi: kwa nini za chini ya lori zina joto na za juu zina baridi. Kigiriama, Kiswahili, kisha kule kwingine. Mahamali wakitania, "Mwalimu, na sisi tupe mtihani!" Mtoto alisema maneno mengi. Njiani kurudi alinyamaza tena.

"Hawe, Alhamisi ni siku tano tu."

"Najua kuhesabu."

Alhamisi, 3 Julai

Afisa wa kupima ni dada mdogo, Bi Mwende, mstaarabu, ana mkoba wa kadi za picha. Alinisalimia vizuri na kuniruhusu kukaa mlangoni. Bwana Gershom alikaa dirishani.

Akaanza kumwuliza Vivian kwa Kiingereza. Swali la kwanza. Mtoto akasimama, mikono nyuma. Swali la pili. La tatu. Nikasikia kalamu inakwaruza, kila kimya kinaandikwa. Mtoto ananitazama mimi. Mvua ilikuwa imekatika, nilitamani inyeshe ifunike kalamu ile.

"Mwulize kwa Kiswahili," nikasema.

"Nyanya, kipimo kimeandikwa kwa Kiingereza. Nikikigeuza si kipimo tena."

Basi nikamwuliza Bi Mwende swali mimi, kwa Kigiriama, pole pole na kwa heshima: ukichuja maji ya mchanga na chumvi kwa kifumbu, ni kipi kitabaki ndani?

Akatabasamu. "Sijaelewa, nyanya."

Nikamwuliza tena, vile vile. Akatikisa kichwa.

"Basi na wewe, mwanangu, tukupeleke chumba cha mwisho?"

Bwana Gershom akakohoa. Bi Mwende hakukasirika. Aliweka kalamu chini akaitazama karatasi yake. "Nakuelewa, nyanya," akasema. "Lakini karatasi hii haina mahali pa kuandika hilo."

Wakati huo Vivian akasema, taratibu, "Mutsanga."

Chumba kizima ni mtu mmoja tu aliyejibu swali langu, na hakuna aliyeliandika.

Jumanne, 8 Julai

Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikitafuta mikono ya kumrudisha Munga. Nyumba kumi na moja. Kila mlango ni lile lile: "Si wewe uliyesema shule si ya kuchuja nazi? Ulisema vizuri sana siku ile." Nilisema vizuri sana, ndiyo. Nduku peke yake amekubali. Mikono miwili.

Alhamisi, 10 Julai

Hakuna habari.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuna habari. Tumbo limerudi.

Ijumaa, 18 Julai

Barua imekuja. Vivian ameileta, imefungwa, ina muhuri. Ni ya Kiingereza tupu.

"Isome," nikamwambia.

Akasimama katikati ya nyumba akaisoma yote, kutoka juu hadi chini, sauti imenyooka kama ya mtangazaji wa redio. Hakukwama hata mara moja. Winfred angelia kwa furaha.

"Inasemaje?"

"Sijui, Hawe."

"Hata kidogo?"

Akaitazama tena. "Jina langu limo mara tatu."

Tukakaa wawili, karatasi katikati yetu kama mgeni asiyetaka kusema ametumwa na nani.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeipeleka Kongowea. Munga ameisoma kimya kimya, na niliuona uso wake unavyobadilika.

"Niambie," nikasema.

"Sikuambii mimi, mama. Atakuambia yeye."

Nilitaka kumgombeza, lakini tayari alikuwa ameketi na mtoto juu ya gunia, kidole kwenye mstari wa kwanza. Hakumpa maana. Alimpa mfano, kwa Kigiriama: mtu akikutazama kwa makini kisha akatoa shauri, utasema amefanya nini? Mtoto akajibu. Basi neno hili refu ni hilo. Wakaenda neno kwa neno, mstari kwa mstari. Mwanzoni Vivian alikuwa akichangamka kila akifungua moja, "Aa! Kumbe!" na mahamali wakimpigia makofi. Nduku aliacha wateja wake.

Kisha "kumbe" zikapungua. Kisha zikaisha. Mistari ya mwisho aliifungua peke yake, midomo inacheza, Munga ameondoa kidole.

"Hawe," akasema. "Inasema mimi sielewi ninachoambiwa. Inasema muhula ujao nihamie chumba cha mwisho. Na wewe utie saini hapa chini."

Yeye akamgeukia Munga.

"Mwalimu, kama nimeielewa barua, bado ni kweli?"

Munga aliikunja barua akanirudishia. Akavaa gunia lake kichwani akarudi kwenye lori, na nikaona kabichi mbili zimempita hakuzidaka.

Jumapili, 20 Julai

Winfred amesema nitie saini. "Mama, usigombane na watu wa shule. Labda wanajua." Mikono yake ilikuwa imefungwa kitambaa. Sikumjibu kwa ukali. Ningemjibu vipi, na mimi miezi miwili iliyopita nilikuwa yeye?

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Gershom na viatu vya kanisani na daftari hili kwapani. Nilimwomba aitishe kikao, nisimame mbele ya wale wale walionipigia makofi niseme nilikosea. Akasema kikao ni muhula ujao. Nikamwambia muhula ujao mtoto atakuwa ameshahamishwa. Akasema ndiyo, anaona hivyo. Ni mtu mpole kweli.

Nikaomba kalamu. Akafurahi, akadhani yameisha. Chini ya barua, pale pa saini, nafasi ilikuwa ndogo, kwa hivyo niligeuza nyuma. Nikaandika Kigiriama, herufi zangu za nyuma ya kanisa, kubwa na zimeinama, ukurasa mzima. Nimeandika kwamba nakataa. Nimeandika sababu. Nimeandika mtoto alivyouliza siku za Munga na alivyonyamaza baada yake, tarehe kwa tarehe kama zilivyo humu. Nimeandika kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Nikaweka jina, Kahaso, ambalo ni letu wawili.

Sijui kama itasaidia. Nadhani haitasaidia.

Bwana Gershom akaichukua, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akavaa miwani.

"Mama," akasema, "umeandika nini hapa?"

Nikamwambia atafute wa kumsomea. Yuko mmoja Kongowea, anapakua kabichi.